Makochi ya leza au mninga? Sebule ya futi 12 kwa 14 pale Ipuli

"Shikamoo fundi. Niko Tabora, Ipuli, tumehamia kwetu mwezi wa tano ila sebule bado iko tupu, tunakalia viti vya plastiki na mkeka. Sebule ni futi 12 kwa 14. Mlango wa mbele uko pembeni kwenye ukuta mfupi, wa korido uko kwenye ukuta mrefu upande huohuo, na dirisha kubwa liko ukuta mrefu wa pili, linaangalia magharibi. Tuna milioni mbili na nusu. Mimi nataka sofa ya L ya leza nyeusi, ile inayofanana na ngozi, kama ninazoona Instagramu, kuna duka wameniambia milioni moja na laki nane, upande mmoja futi 9 mwingine 8. Mume wangu anasema leza ni uchafu tu, tuchonge mninga, eti mninga haupasuki wala hauliwi na wadudu. Sasa mbona meza tuliyochonga ya mninga mwaka jana imepasuka katikati na stuli yake moja inamwaga unga chini? Fundi anasema ni joto la Tabora. Tunaishi na mama mkwe, ana miaka 70 na kitu, magoti yanamsumbua, na mtoto wa mwisho ana kifua, kipindi cha vumbi anakohoa sana. Tununue nini? Na kapeti la manyoya na rangi ya ukuta nichague ipi? Hela hii tukikosea hatuna nyingine."

Marahaba dada, na hongereni kwa nyumba. Swali umeliuliza kama la leza na mninga lakini mimi nasoma woga mwingine ndani yake, hela yenu ilishaliwa mara moja kwenye ile meza na sasa mnaogopa isiliwe tena, safari hii nyingi zaidi. Kwa hiyo naanza na meza. Ukijua kwa nini ilipasuka utakuwa na maswali ya kumbana nayo fundi yeyote, hata wa makochi, halafu tutafika kwenye leza, kwa mama na kwa mtoto.

Tuseme tu ukweli, mumeo yuko sahihi nusu na fundi wenu yuko sahihi robo.

Mti uliosimama umejaa maji. Mbao yote ni mirija midogo midogo, na maji yanakaa sehemu mbili, mengine yako huru ndani ya mirija na mengine yamenyonywa na kuta za mirija yenyewe. Mti ukikatwa yanatangulia kutoka yale ya huru, hapo mbao inapungua uzito tu, umbo halibadiliki, na ndo maana mtu anaweza kukuambia mbao imekauka kwa sababu imekuwa nyepesi, kumbe kazi haijaanza. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ukilinganisha na uzito wa mbao kavu ndo kuta zinaanza kutoa maji yake, na zikitoa zinasinyaa. Tena hazisinyai sawa pande zote. Kwa urefu ni kama hakuna, kwa upana ndo kuna mambo, na mbao iliyopasuliwa kufuata duara za mti inasinyaa kama mara mbili ya ile iliyopasuliwa kutoka moyoni kwenda nje. Ubao wa inchi 12 wa mti unaocheza sana, kutoka mbichi mpaka ukavu wa kukaa ndani ya nyumba, unaweza kupoteza karibu nusu inchi nzima ya upana. Mninga unacheza kidogo kuliko miti mingi, hiyo ndo sifa yake kubwa na mafundi hawaupendi kwa ajili ya rangi peke yake. Ila kucheza kidogo bado ni kucheza, na mninga mbichi ni mbao mbichi kama mbao nyingine yoyote.

Sasa chukulia mbao imetoka porini juzi, mvua bado zinanyesha, hewa ina unyevu, fundi kaunganisha uso wa meza kwa gundi, kaupigilia misumari kwenye fremu pande zote nne, kapiga vanishi, inang'aa, mmeibeba. Mvua inakata mwezi wa tano, hewa ya Tabora inakauka mpaka midomo ya watu inapasuka, ikifika mwezi wa tisa na wa kumi ndo balaa kabisa. Uso wa meza unataka kusinyaa na misumari imeushika huku na huku, hauna pa kwenda, unaachia katikati. Joto limechangia kwa kuikausha hewa tu. Kosa ni mbao mbichi na misumari isiyoacha nafasi, na vyote viwili viko mikononi mwa fundi, si mikononi mwa Tabora. Hata fenicha kavu iliyotengenezwa Dar kwenye unyevu wa bahari ikiletwa huku itakauka zaidi kidogo, lakini kama imeachiwa nafasi ya kucheza inatulia yenyewe bila kelele.

Meza yenu inapona, msiitupe wala msiuze kwa hasira. Msijaze ufa kwa gundi na unga wa randa kama mafundi wengi watakavyowashauri, mvua zikianza ubao utavimba tena na ule ujazo utasukumwa nje. Uso ung'olewe kwenye fremu, vipande viwili vipigwe randa kwenye kingo, viunganishwe upya kwa gundi na kubanwa, halafu ufungwe kwa skrubu kutokea chini kupitia matundu marefu badala ya ya mviringo, ili skrubu iteleze ubao ukitaka kusogea. Ifanyike sasa wakati wa kiangazi, mbao ikiwa kwenye ukavu wake.

Mtajuaje mbao ya safari hii imekauka? Kuna kimita kidogo cha kupima unyevu, kina sindano mbili, fundi aliye serious na kazi anacho au anajua pa kuazima, na kwa sebule ya Tabora mnataka asilimia 12 kushuka chini. Akikuambia anapima kwa kugonga na kusikiliza mlio, mpe heshima yake lakini omba kipande cha mbao ileile, kipime kwenye mzani wa dukani, wa unga au wa sukari, andika uzito, kiweke ndani kwenu juu ya kabati wiki mbili halafu kipime tena. Kikiwa kimepungua sana mbao bado haijatulia, msubiri. Uliza pia imekaushwaje. Jibu zuri ni kwamba ilipangwa kivulini, imeinuliwa kutoka ardhini, vijiti vimewekwa kati ya mbao na mbao ili hewa ipite na ncha zimepakwa rangi, kwa sababu ncha zinatoa maji haraka mno kuliko katikati na ndo zinazoanza kupasuka. Mbao ya mti mgumu ya inchi moja tu inataka miezi ya namna hiyo. Fundi anayeahidi kukata, kukausha na kukabidhi seti nzima ndani ya wiki tatu anawaletea meza nyingine.

Haya, unga wa kwenye stuli. Hapa mumeo ana nusu yake. Mninga una sehemu mbili: moyo, ule wa kahawia unaoelekea wekundu, na ile nyeupe ya manjano iliyo karibu na ganda. Moyo kweli wadudu wanauogopa, una kemikali zake za asili. Ile nyeupe haina kinga yoyote, tena ina wanga ndani, na kuna vidudu vidogo vya jamii ya mbawakawa wanaotaga mayai kwenye vitundu vya mbao ya namna hiyo, funza wakianguliwa wanakula wanga humohumo miezi na miezi, wakikomaa wanatoboa kutoka. Tundu linakuwa dogo kama milimita moja au mbili na unga wake ni laini kabisa ukiusugua vidoleni. Angalia stuli yenu kwa chini, naweza kuapa matundu yako kwenye sehemu nyeupe ambayo fundi aliichanganya ili asipoteze mbao, kisha akaipaka rangi ifanane na moyo. Kwa hiyo mninga unaliwa, kama umeuziwa ganda lake.

Dawa yake: ipigwe msasa mpaka vanishi iondoke sehemu iliyoliwa, ipakwe dawa ya mbao, zile za boraksi zinanywewa vizuri na mbao iliyo wazi, juu ya vanishi hazifanyi kazi maana hazipenyi. Na kama ni mguu mmoja tu ulioliwa badilisha mguu, ni rahisi zaidi. Oili chafu ya gari sitaki kuisikia sebuleni, inanuka na inachafua vitambaa, na mafuta ya taa au dizeli ndani ya nyumba ni kutafuta moto. Lakini kama ukikagua ukakuta vijia vya udongo vinapanda ukutani au kwenye miguu ya kabati, hao si wadudu wa unga, hao ni mchwa, na wanatokea chini. Kupuliza dawa kwenye fenicha hakuwagusi. Hapo tafuta mtu wa kudhibiti wadudu aje aone msingi na sakafu kabla hamjaingiza kochi hata moja, kwa sababu dawa za udongo zina sumu na mna mtoto wa kifua, si kazi ya kujifanyia.

Kwenye kununua, geuza kila kitu chini juu. Huku mbele kila mti ni mninga, kuna rangi ya kupaka inayofanya hata paina ifanane nao. Nyuma ya droo na chini ya kiti fundi huwa hapaki, hapo mbao inasema ukweli. Pamba yenye spiriti au thina ukisugua sehemu iliyojificha, rangi ikitoka nyingi ya kahawia jiulize. Na ukiagiza mninga uliza mbao imetoka kwa nani na risiti iko wapi, mti huu unavunwa kwa kibali chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, tumbaku na mkaa vimeshakula misitu yetu ya miombo vya kutosha, na mbao ya bei ya kutupa mara nyingi ndo ile iliyokatwa usiku ikauzwa mbichi. Mkija kuhama mkoa siku moja na fenicha zenu pitieni kwanza ofisi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, muulize karatasi zinazotakiwa barabarani.

Sasa leza yako. Sikatazi mtu kupenda kitu, na hiyo sofa naijua, kwenye picha inapendeza. Ila ijue ni nini. Wengi wanaambiwa ni ngozi ya daraja la pili, hapana, ni kitambaa kilichopakwa tabaka jembamba la plastiki na kuchorwa mistari ya ngozi. Ngozi halisi ni kitu kimoja mpaka chini, ikichakaa inachakaa kama kiatu cha ngozi. Leza inashikiliwa na lile tabaka la juu, na adui zake ni joto, jua, jasho na mafuta ya nywele. Vikikutana plastiki inakakamaa, inapasuka mistari midogo pale watu wanapoegemeza kichwa na pale makalio yanapokunjia kitambaa, halafu inaanza kubanduka magamba meusi yanayoshika kwenye nguo za wageni. Ikifika hapo hakuna fundi wa kuirudisha, ni kuvua yote na kuvalisha upya. Na wewe dirisha lako linaangalia magharibi. Paa likichomoza kidogo linazuia jua la saa sita kwa sababu liko juu, lakini la saa kumi linakuja limeinama na linaingia mpaka katikati ya sebule. Leza nyeusi kwenye jua hilo, mwezi wa kumi, mtu aliyevaa gauni jepesi hakai dakika mbili. Kuna leza nzuri kuliko nyingine, ni kweli, zipo nene zinazokaa miaka, na kwa nyumba yenye watoto wanaomwaga chai ina faida yake, unafuta na kitambaa yamekwisha. Kama ungekuwa na dirisha la kusini au kivuli cha mwembe pale nje ningekuambia tuongee. Kwa hilo dirisha lako, hapana.

Kuhusu L yenyewe nifanye hesabu kwa sababu watu wanapima ukuta wanasahau sakafu. Futi 9 kwa 8, na kina cha sofa hizi ni kama futi 3. Upande mrefu unakula futi za mraba 27, upande wa pili ukitoa kona unakula 15, jumla 42. Sebule yako nzima ni 168. Kwa hiyo kitu kimoja kimechukua robo kamili ya chumba, bado meza, bado stendi ya TV, bado njia ya kutoka mlango wa mbele mpaka korido ambayo inataka futi tatu wazi muda wote. Kwenye karatasi inaingia, itakaa futi 9 kwenye ukuta mfupi usio na mlango na futi 8 chini ya dirisha, na ikishakaa haina namna nyingine ya kukaa, hata ukichoka nayo. Kona yenyewe hakai mtu, miguu inagongana na wa pembeni. Halafu kuna hili wauza maduka hawakuambii: siku ya msiba, au kisomo, au ugeni wa harusi, sebule zetu zinatolewa vitu vyote nje na mikeka inatandikwa. Makochi ya kawaida vijana wawili wanayabeba. Hiyo L ya futi 9 itapitaje mlangoni saa kumi na moja alfajiri watu wanalia? Ukiamua kuichukua licha ya haya yote basi hakikisha inafunguka vipande kwa bolti, na upime mlango wako kabla hujalipa.

Mimi ningepanga hivi. Kochi moja la watu watatu, futi 7, linakaa kwenye ule ukuta mfupi usio na mlango. TV inakaa ukuta wa pili mfupi, pembeni ya mlango wa mbele, ili dirisha liwe ubavuni na jua la jioni lisipige kwenye kioo wala machoni kwenu. Katikati ya kioo iwe kama inchi 42 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu aliyekaa, hizi za kutundika juu karibu na dari zinaumiza shingo na sijui nani alizianzisha. Kama kutundika kunahitaji waya mpya ukutani, fundi umeme mwenye leseni, tafadhali, si kijana wa kufunga king'amuzi. Chini ya dirisha viweke viti viwili vya mkono vya mninga vyenye mito ya kuvuliwa. Upande wa korido uache wazi kabisa. Meza yenu ikishatengenezwa iwe futi moja na nusu kutoka kochi, mtu anafikia kikombe na miguu inapita.

Hapo wewe unapata kochi la kisasa lenye kitambaa na mumeo anapata mninga, na kila kimoja kiko pale kinapofaa. Kochi lililofunikwa kitambaa halihitaji mninga ndani, ni kuficha hela. Fremu ya mkaratusi iliyokauka vizuri na kupakwa dawa inatosha sana, mradi viungo viwe vya ulimi na tundu pamoja na gundi au bolti, si mbao mbili zimegusanishwa zikapigwa misumari. Mninga uweke kwenye viti ambavyo mbao inaonekana, ambavyo mjukuu atakuja kuvikuta.

Kimoja kati ya hivyo viti viwili ni cha mama na kipimwe kwake mwenyewe, fundi aje na futikamba. Makochi ya picha yako chini na yana kina kirefu, kijana anajitupa humo anafurahi, mwenye magoti anazama na kunyanyuka mpaka avutwe mikono, na mtu mzima hapendi kuvutwa mbele ya wageni. Kimo cha kukalia, mto ukiwa umekaliwa, kiwe inchi 17 au 18, kina inchi 20, mgongo uegemee huku nyayo zinagusa sakafu, na mikono ya kiti iwe imara na ifike mbele kabisa kwa sababu ndo anayosukumia kunyanyuka. Kiti hakitibu magoti lakini, kama maumivu yanaongezeka au goti linavimba mpelekeni hospitali aangaliwe.

Sponji ndo mahali watu wanapigwa zaidi kuliko hata mbao, maana haionekani. Watu wanabonyeza kwa mkono, wakiona ngumu wanasema nzuri. Ugumu si ubora. Sponji imejaa vichumba vya hewa, na kinachoifanya idumu ni wingi wa mali yenyewe kwenye kuta za vile vichumba, ndo ile wanaita densiti, yaani kilo kwa mita moja ya ujazo. Sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ngumu dukani, ukiikalia miezi kuta zinavunjika, shimo linabaki na umbo lako. Kwa kukalia kila siku tafuta 30 kwenda juu, na huhitaji kuamini maneno ya mtu: mto wa futi 2 kwa 2 wenye unene wa inchi 6 ukiwa wa densiti 30 unafika kama kilo 1.7, ukiwa wa 18 ni kilo moja tu. Nenda na mzani, watakushangaa lakini hawatakuuzia takataka. Ya kuegemea mgongo inaweza kuwa nyepesi, haibebi mzigo. Chini ya mto kuwe na springi au belti za mpira zilizosukwa, plaiwudi tupu inaifinya sponji mapema.

Hela igaweni hivi, mkijua bei za mafundi zinatofautiana: milioni moja na laki sita kwenye kochi na viti viwili, laki tatu kutengeneza meza na kuchonga stendi ya TV, laki tatu mapazia, na laki tatu msiiguse. Stendi kama ni ya MDF, ule ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao, iwe na miguu ya inchi mbili tatu, kwa sababu maji ya kudekia yakifika kwenye kingo zake zile nyuzi zilizogandamizwa zinavimba na hazirudi tena. Lipa fundi kwa awamu tatu na ya kati uitoe baada ya kuiona fremu kwa macho yako kabla haijavalishwa kitambaa, piga na picha uweke kwenye simu. Fundi mzuri hatakasirika.

Kapeti la manyoya, dada, hapana kabisa, hapa sina mjadala. Na mtoto wa kifua Tabora, na vumbi la mwezi wa nane mpaka wa kumi linavyopita hata kwenye nyavu za dirisha, manyoya yanalimeza na kila mtu akikanyaga linapanda juu kwenye pua ya aliyekaa chini, ambaye ni mtoto. Kuna na vidudu vya vumbi visivyoonekana kwa macho vinavyostawi kwenye manyoya na mito, kinyesi chao kinaamsha pumu kwa wanaoshambuliwa nacho. Weka mkeka mpana wa ukindu au zulia jepesi lisilo na manyoya linaloweza kufuliwa na kuanikwa. Kwa sababu hiyohiyo kitambaa cha kochi kiwe kizito kilichofumwa kwa kubana, chenye zipu ili foronya zivuliwe zifuliwe, velveti iache japo inavutia. Dekini, msifagie kavu mtoto akiwepo. Na kikohozi cha kila kiangazi hakimalizwi na fenicha, mpeleke hospitali ya Kitete au kituo cha afya kilicho karibu apimwe kama ni pumu, akianza kupumua kwa shida au mbavu zikawa zinavutwa ndani mpeleke siku hiyohiyo, hata usiku.

Mapazia ya lile dirisha yawe mawili, jepesi la ndani la kupitisha mwanga mchana na zito lenye bitana unalolivuta saa tisa. Rangi nyepesi upande unaoangalia nje inarudisha jua, nyeusi inalinyonya na kulileta ndani. Bila hivyo hata mninga wenu utabadilika rangi upande mmoja na kitambaa cha kochi kitapauka mgongoni.

Rangi ya ukuta nimeiacha mwisho kwa sababu ni rahisi kubadilisha kuliko vyote, ila na yenyewe usiipake mpaka kochi limeingia. Watu wanapaka kijivu cha Instagramu halafu wanahangaika kutafuta kitambaa kinachoendana. Mbao ya mninga ina wekundu ndani yake, ukuta wa maziwa au wa mchanga unaipokea, kijivu cha ubaridi kinaifanya ionekane chafu. Chukua ile inayooshwa na kitambaa chenye maji, mtoto mdogo na ukuta mnajua wenyewe. Dari iache nyeupe. Picha mbili tatu za familia ukutani, kikapu kizuri cha mkono, basi, nafasi iliyobaki ni ya watu kukaa.

Kabla ya kulipa shilingi yoyote chukua maboksi ya kadibodi au chaki, chora kochi, viti na stendi sakafuni kwa saizi yake halisi, muishi nayo siku chache, mama apite kwenda chooni usiku, mtoto akimbie, wewe upite na sinia la chakula. Mkijikwaa kwenye boksi mtajikwaa kwenye kochi. Na chora na ile L yako ya leza pia, uone mwenyewe, usichukue neno langu peke yake.